Kuondoka Kabla ya Mpira

Golikipa wa timu ya dobi alikuwa na neno moja tu uwanjani, na alilitoa mapema kuliko ilivyostahili. "Nenda!" Alilipiga wakati mshambuliaji wa upande wa pili yuko bado hewani, mkono umevutwa nyuma ya sikio, mpira haujaachiwa. Golikipa mwingine yeyote angengoja kwanza aone kama ameudaka. Yeye hakungoja. Na kule pembeni kushoto wifi yake alikuwa ameshageuza mgongo, anakata uwanja peke yake kuelekea goli la mbali, mbio za mtu aliyekumbuka njiani kwamba ameacha jiko linawaka.

Mchezo wenyewe ni mpira wa mikono, watu saba kwa saba, na uwanja wake si mkubwa. Ukishambuliwa na ukaunyaka mpira, una muda wa kuvuta pumzi mbili, labda tatu, kabla wale waliokushambulia hawajarudi kujipanga mbele ya goli lao. Shambulizi la kushtukiza linaishi ndani ya pumzi hizo. Winga anayesubiri kuhakikisha kwamba mpira umedakwa ndipo aondoke, huyo ameshachelewa. Lazima aondoke mpira ungali wa adui. Lazima aamini kwamba nyuma ya mgongo wake kuna mtu, na kwamba mtu huyo atafanya alichosema atafanya. Asipofanya, winga amekimbia bure, timu imebaki pungufu ya mtu mmoja, na watazamaji wanacheka.

Kwa miaka kumi na moja watazamaji hawakupata nafasi ya kucheka sana.

Golikipa huyo walimwita Komeo. Jina lilitoka kwa fundi wa boila, mzee mwembamba aliyekuwa pia kocha kwa sababu ndiye peke yake mwenye filimbi. Siku ya kwanza alimsimamisha golini kwa kuwa hakupatikana mwingine aliyekubali kupigwa mpira wa uso. Alikuwa na miaka thelathini na mbili wakati huo, mwanamke mpana, mzito wa hatua, mwenye mikono mirefu iliyozoea kunyanyua shuka zilizolowa. Baada ya nusu saa fundi alitoa filimbi mdomoni akasema, "Huyu hafunguki. Huyu ni komeo la chuma." Jina likaganda. Hata wauguzi wa wodini wakaanza kumwita hivyo, na likabaki daftari la mahudhurio peke yake kumkumbuka kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Hospitali ilikuwa kubwa, ya ghorofa nne, na chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, nusu yake ikiwa imezama ardhini. Madirisha yalikuwa juu, marefu na membamba, na kilichoonekana kupitia kwake ni miguu ya wapita njia. Sakafu haikukauka mwaka mzima. Upande mmoja palikuwa na mashine tatu za kufulia, kubwa kama vyumba vya kulala. Upande wa pili mashine za kukaushia. Na katikati meza ndefu ya mbao iliyosuguliwa na vitambaa mpaka ikawa laini kama ngozi ya uso. Shuka zilikuja kutoka juu kwa toroli, kila moja imepigwa muhuri mweusi wa namba ya wodi kwenye pembe. Zilikuja na kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kuacha. Zilirudi juu nyeupe, zimekunjwa, bado zina joto.

Shuka hukunjwa na watu wawili. Hakuna anayeweza kuifanya vizuri peke yake, labda ashike pembe kwa kidevu, na matokeo yake huwa mabaya. Mnashika pembe mbili mbili, mnavuta mpaka kitambaa kinatoa mlio, kisha mmoja anasimama na mwingine anatembea kumfuata na pembe zake. Komeo alikuwa wa kusimama. Magoti yake hayakuwa ya kutembea.

Cheche, winga yule wa kushoto, alipoajiriwa alikuwa na miaka ishirini na mbili, mdogo wa umbo, na mwepesi kiasi kwamba mara ya kwanza alipoikunja shuka alimgonga Komeo kifuani.

"We mtoto, unanikunja na mimi?"

"Samahani, mama."

"Mama yako nani? Niite dada. Na utembee, usiruke."

Jumapili iliyofuata alimchukua nyumbani kula. Mdogo wake Komeo, wa kiume, alikuwepo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, macho mekundu, shati limetoboka matundu madogo madogo kifuani kote. Alimwangalia yule msichana akihama kutoka jikoni hadi mezani hadi mlangoni, akasema, "Dada, kazini cheche zinaniunguza nguo, na wewe umeniletea nyingine mpaka nyumbani?" Msichana alicheka mpaka akalazimika kuketi. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wameoana, na Komeo akawa ana wifi badala ya mwenzake wa meza, au ana vyote viwili; na baadaye akawa shangazi wa watoto wawili waliokuwa na miguu ya mama yao na macho mekundu ya baba yao, ingawa madaktari walisema hilo la macho haliwezi kurithiwa.

Watu walidhani mbinu ya timu ya dobi ilitoka kwenye kitabu fulani. Ilitoka kwenye uchovu. Wanawake waliosimama saa nane ndani ya mvuke hawawezi kuuchezea mpira, kuupitisha huku na huku, kuwazungusha wapinzani. Fundi wa boila aliliona hilo mapema. "Msikimbie," aliwaambia. "Mkikimbia mtakufa, nami nitaulizwa na matroni. Kaeni nyuma, jazeni mbele ya goli, waacheni wao wachoke. Mkono wa Komeo na miguu ya Cheche vinatutosha." Ndivyo ikawa. Timu za ofisi nyingine, zenye viatu vizuri na maji ya chupa, zilikuja zikaushika mpira robo tatu ya mchezo na zikaondoka zimefungwa, wala hazikuelewa zimefungwaje.

Mara mbili walichukua kombe la mashindano ya wafanyakazi. Fundi aliliweka juu ya boila, mahali penye joto, kwa sababu alidai vikombe hupata kutu.

Miezi saba kabla ya siku tunayoielekea, yule fundi wa kuchomelea alilazwa wodi namba sita. Ini. Alikuwa akiwaambia kwa muda mrefu kwamba ni uchovu tu, na alipokubali kwamba si uchovu, tumbo lilikuwa limeshajaa maji. Cheche alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa kitanda siku nne mfululizo. Alilala hapohapo, akala alichopewa na wauguzi, akaacha kuchana nywele. Siku ya nne, saa sita mchana, Komeo alipanda juu wakati wa mapumziko akamkuta wifi yake ameegemeza paji la uso kwenye ukingo wa kitanda.

"Nenda nyumbani, wifi. Koga, ule, uwaone watoto. Rudi saa kumi."

"Akiamka?"

"Mimi nipo."

Cheche alimtazama mumewe, ambaye alikuwa amelala akipumua kwa shida lakini kwa mpangilio. "Una hakika?"

"Nenda, bwana. Mimi nipo."

Akaenda.

Komeo alikalia kile kiti cha plastiki. Kwa muda wa robo saa hakufanya chochote ila kusikiliza pumzi. Kisha macho yake yakashuka, kama yalivyozoea kushuka kila alipoingia wodini, yakaiona shuka. Ilikuwa kuukuu. Ilikuwa na kiraka katikati, na doa la manjano pembeni ambalo halikutoka, na pembe moja imefumuka. Ilikuwa moja ya zile ambazo yeye mwenyewe alikuwa akizitupa kwenye pipa la matambara zikipita mezani kwake. Miaka ishirini alikuwa amepeleka shuka nyeupe juu kwa watu asiowajua, na mdogo wake, aliyembeba mgongoni, alikuwa amelalia hii. Kitu kilimchoma rohoni. Akasimama. Dakika tano tu, alijiambia.

Chini, shuka mpya zilikuwa ndani ya mashine ya kukaushia. Zilikuwa zimebakiza dakika nane. Angeweza kuchukua nyingine yoyote kwenye rafu, lakini zile ndizo zilizokuwa mpya, na alitaka mpya. Alisimama ameweka kiganja juu ya mlango wa mashine, akihesabu. Alipoitoa, hakuipeleka juu ikiwa imeviringika. Mikono yake haikujua kupeleka shuka iliyoviringika. Aliikunja peke yake, kwa kidevu, akainyoosha, akaikunja upya kwa sababu pembe hazikukutana. Ndipo akapanda ngazi.

Mzee wa kitanda cha jirani alimwona anaingia, akavua kofia. "Amekwenda sasa hivi, mama," alisema taratibu. "Aliuliza kuna nani. Mara moja tu. Mimi nilimjibu, lakini nadhani hakutaka mimi."

Cheche aliporudi, amekoga, amechana nywele, amebeba uji kwenye chupa, Komeo alimpokea mlangoni mwa wodi akamkumbatia kabla hajafika kitandani. Na maneno yaliyomtoka hakuyapanga. Yalitoka yenyewe, kama mkono unavyojikinga uso.

"Nilikuwepo, wifi. Nilimshika mkono. Alilala tu."

Baada ya arobaini Cheche alirudi kazini, na wiki mbili baadaye akarudi uwanjani. Kazini aliomba ahamishiwe kwenye mashine ya kupiga pasi, akasema mgongo unamuuma. Uwanjani aliomba abaki winga kama zamani. Alikuwa bado mwepesi. Mechi ya kwanza, mshambuliaji wa timu ya idara ya maji aliruka, Komeo akapiga neno lake, akaudaka mpira kifuani, akainua mkono kurusha mbali. Mbele hapakuwa na mtu. Cheche alikuwa bado amesimama kwenye mstari wa duara mbele ya goli lao, amegeuza shingo, anamwangalia. Alipouona mpira mikononi mwa Komeo, ndipo akaanza kukimbia. Na wale wa timu ya maji wakaanza naye.

Ikawa hivyo mechi iliyofuata, na iliyofuata. Hakuwa mvivu wala hakuwa amesahau. Kila mara aligeuza shingo kwanza akatazama.

"Yule binti amepata kibyongo cha shingo?" mpishi wa jikoni aliyecheza kati aliuliza.

"Mwache," Komeo alisema.

"Namwacha, lakini tumefungwa mechi nne, mwenzangu. Tukimwacha zaidi tutashuka daraja mpaka tucheze na chekechea."

Fundi wa boila hakutania. Alhamisi moja, mwezi wa saba tangu msiba, alimwita Komeo karibu na boila, akamwambia kwa sauti ya chini, "Jumamosi tunacheza na zimamoto. Wale wana mapafu ya farasi. Kama Cheche hakimbii, mimi nitaweka mtu mwingine, na najua akikaa benchi hatarudi tena. Zungumza naye. Wewe ndiye wifi yake."

"Nimezungumza."

"Umezungumza nini?"

Kwa kweli Komeo alikuwa amemwambia wifi yake mambo mengi. Alikuwa amemwambia ale. Alikuwa amemwambia awahi zoezi, apeleke watoto chanjo, apake dawa mgongoni. Kwa miezi saba alikuwa amejaza kila nafasi iliyokuwepo kati yao kwa maneno, kama mtu anavyojaza matambara kwenye ufa ili maji yasipite. Usiku aliota anasimama golini na goli linazidi kupanuka. Hakuogopa kombe wala daraja. Aliogopa jambo moja tu: kwamba wifi yake hatageuza mgongo mbele yake tena maishani, na kwamba alikuwa na haki.

Ijumaa alasiri, zamu ilipokuwa inaisha na wengine wamekwenda kubadili nguo, alimfuata kwenye mashine ya pasi.

"Njoo tukunje hizi. Zimebaki kumi."

"Mgongo wangu, wifi."

"Kumi tu."

Cheche alikuja. Wakashika pembe, wakavuta. Mikono yao ilikuwa haijasahau. Shuka ya kwanza, ya pili, ya tatu, Cheche akija na kurudi, akija na kurudi, uso wake ukikaribia na kuondoka. Kwenye ya nne Komeo hakupokea pembe.

"Sikuwepo," alisema.

Cheche alisimama hatua mbili mbele yake.

"Siku ile. Nilishuka huku kumchukulia shuka mpya. Ile aliyolalia ilikuwa mbaya. Nikasubiri mashine. Niliporudi alikuwa ameshakwenda. Nikakwambia nilimshika mkono. Sikumshika."

Mashine moja ya kufulia ilikuwa inazunguka bado, ikimwaga maji, ikinyamaza, ikianza tena.

"Najua," Cheche alisema.

"Unajua?"

"Muuguzi aliniambia siku ileile. Alidhani ananifariji. Alisema, dada yenu alikimbia kumletea shuka, masikini." Sauti yake haikupanda. "Miezi saba, wifi. Nimekaa nasubiri uniambie wewe. Kila siku nakuona unakuja na dawa ya mgongo. Nikajisemea, leo. Leo ataniambia. Unaniambia paka hapa, paka pale."

Komeo alitaka kunyamaza hapo. Ingekuwa rahisi, maana lililojulikana lilikuwa limeshajulikana. Lakini alikuwa amechoka na ule ufa.

"Kuna ambalo muuguzi hakujua," alisema. "Aliamka. Aliuliza kuna nani. Mzee wa jirani ndiye alimjibu."

Pembe zilimtoka Cheche mikononi. Shuka ilianguka yote kwenye sakafu yenye maji, ikanywa, ikawa ya kijivu. Kwenye chumba kile, kitu safi kikigusa sakafu hurudishwa kufuliwa upya, na kila mtu huinama kukiokota bila kufikiri. Hakuna aliyeinama. Cheche alifungua aproni yake, akaiweka mezani, akatoka. Kupitia dirisha la juu Komeo aliiona miguu yake ikipita, haraka, kisha haionekani.

Jumamosi alikuja. Komeo hakutegemea, lakini alimwona mapema akifunga kamba za viatu kwenye ukingo wa uwanja wa saruji, watoto wake wawili wamekaa nyuma yake wakila machungwa. Walisalimiana. "Umeamkaje, wifi." "Salama, wifi." Basi.

Zimamoto walikuwa kweli na mapafu ya farasi. Walikuja kwa kikosi, warefu, wakaanza kupiga mpira kwa nguvu ya watu waliozoea kushika bomba la maji. Timu ya dobi ilikaa nyuma, ikajaza mbele ya goli. Komeo aliokoa kwa paja, kwa bega, mara moja kwa shavu. Hakupiga neno lake. Kila mshambuliaji aliporuka, neno lilimpanda kooni akalimeza. Alihisi kwamba hana tena haki ya kumwamuru mtu yule aende popote. Na kila alipoudaka mpira aliona uso wa wifi yake umemgeukia kutoka kwenye mstari, unamwangalia, na akatoa pasi fupi kwa mpishi, na mashambulizi yakafia katikati. Mapumziko yalifika wamefungwa saba kwa mbili.

"Mmekuja kuaga maiti?" fundi aliwauliza, kisha akasikia alichokisema, akavua kofia akajipigapiga nayo mguuni. "Kunyweni maji," alisema.

Komeo alikaa peke yake kwenye ngazi ya saruji, ameweka chupa ya maji shavuni. Cheche alikuja akakaa kando yake. Wote wawili walitazama uwanja mtupu.

"Ile shuka," Cheche alisema. "Ulimtandikia?"

"Nilimfunika nayo. Hawakunikataza."

"Ilikuwa imepoa?"

"Hapana. Ilikuwa na joto bado."

Cheche alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama anayehesabu. Mwanawe mdogo alikuja kumpa kipande cha chungwa. Alikipokea, akakishika tu. Kisha akasema, "Nipe jezi yako."

"Jezi gani?"

"Ya golini. Wewe chukua yangu."

"Hainiingii, wifi. Nitaipasua."

"Ipasue."

Fundi aliposikia alishika kichwa kwa mikono miwili. "Jamani, Komeo akimbie winga? Na magoti yale? Tutafute machela kabisa?" Lakini alimwona Cheche ameshavaa jezi ya kijani iliyomfika mapajani, mikono imepotea ndani, uso wake umekauka, na alikuwa mzee wa kutosha kujua wakati wa kunyamaza. Akamwendea refa kumweleza.

Hivyo kipindi cha pili kilianza na Komeo akiwa pembeni kushoto, ndani ya jezi iliyombana kifuani kama bandeji. Hakuwahi kusimama pale hata siku moja. Uwanja ulionekana mwingine: mrefu, wazi, bila kitu cha kuegemea mgongo. Mshambuliaji wa zimamoto akachukua hatua tatu, akaruka, na Komeo akageuza mgongo akakimbia.

Miaka kumi na moja alikuwa amepiga neno lile moja, na hakujua uzito wake. Hakujua kwamba ukikimbia hivyo husikii kitu isipokuwa viatu vyako. Shingo inataka kugeuka, yenyewe, kama shingo ya kuku, na unaizuia kwa meno. Hujui kama mpira umeachiwa, kama umedakwa, kama unakufuata au umeshaingia. Hujui kama yule aliyebaki amebaki. Alikimbia na magoti yake, akafika mbele ya goli la mbali, peke yake, akainua mikono miwili juu. Filimbi ililia. Aligeuka. Upande wa pili wa uwanja watu wa zimamoto walikuwa wanapeana mikono, na Cheche alikuwa ameinama ndani ya wavu, anautoa mpira.

Komeo alirudi akitembea. Alipofika karibu na duara, Cheche alikuwa bado ameushika mpira tumboni, hajautoa kwa refa. Alikuwa analia, machozi yanateremka bila uso kukunjamana.

"Niliuona," alisema. "Niliuona tangu unatoka mkononi. Nimesimama hapahapa, macho wazi, sijaondoka, wifi. Na umepita."

"Ni mpira mgumu ule."

"Sijasema hivyo." Alijifuta kwa mkono mrefu wa jezi. "Nasema nilikuwepo. Na umepita."

Refa alikuja kudai mpira. Cheche akampa. Komeo alisimama asijue la kufanya na mikono yake, kisha akanyoosha mmoja akamkunjia wifi yake mkono wa jezi, mara tatu, mpaka kiganja kikaonekana, na akamkunjia na wa pili.

Dakika kumi zilizofuata zilikuwa za kuchekesha, kwa wale waliokuwa hawajui. Mwanamke mpana alikimbia kwenda mbele na kurudi, mbele na kurudi, akiondoka kila mara kabla ya mpira, na kila mara akafika peke yake na kuinua mikono. Mtu wa zimamoto aliyekaa benchi alimwita, "Mama, basi limeshapita!" na wenzake wakaanguka kwa kicheko. Cheche alifungwa mara nyingine tatu. Mara ya tano aliuzuia kwa ugoko, akauokota, akaurusha kwa nguvu zake zote, ukapita juu ya kichwa cha Komeo, juu ya goli, ukaingia kwenye bustani ya ofisi ya jirani. Hapo hata mpishi alicheka, na Cheche mwenyewe akatoa sauti fupi puani ambayo haikuwa kilio.

Wakati mpira unatafutwa, alimfuata Komeo katikati ya uwanja, ameishika jezi ya kijani kifuani.

"Chukua goli lako. Huku nyuma ni kugumu."

"Na kule mbele je, wifi? Sikujua."

"Ndiyo ujue."

Walibadilishana pembeni, migongo imeelekezwa kwa watazamaji, mpishi amewashikia khanga. Jezi ndogo ilikuwa kweli imepasuka kwapani.

Zilikuwa zimebaki dakika sita, na ubao ulisema kumi na moja kwa mbili. Zimamoto walikuja tena. Walipitisha mpira kulia, kushoto, kulia, na yule mrefu wao akakusanya hatua zake. Komeo alipanua mikono. Neno lake hakulipiga. Na kwa pembe ya jicho, wakati yule mrefu miguu yake ndiyo kwanza inaiacha saruji, aliuona mgongo wa wifi yake, mwembamba, kwapa limepasuka, unaondoka. Haukungoja. Shingo haikugeuka. Ulikuwa umeshafika nusu ya uwanja mpira ulipoachiwa.

Komeo aliruka upande wa kulia. Mpira ulikwenda kushoto, ukagonga mwamba kwa ndani, ukaingia.

Alibaki amelala ubavu kwenye saruji, hataki kuinuka, hataki kutazama mbele. Alisikia filimbi, kisha kimya, kisha hatua nyepesi zinarudi kutoka mbali, bila haraka, uwanja mzima. Zilimfikia zikasimama. Alisubiri neno.

"Inuka, wifi," Cheche alisema. "Wanakuja tena."

Alimvuta kwa mikono miwili, akakung'uta vumbi begani mwake, akarudi mahali pake pembeni kushoto. Zimamoto waliunyaka mpira kutoka kwa mpishi karibu mara moja. Walikuja wakajipanga, kulia, kushoto, na winga wao safari hii akaruka. Mpira ulikuwa haujamtoka mkononi, na Cheche alikuwa ameshakwenda.